Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa: kuna ukweli wowote?

#1 Mti Mkavu
Wakuu, salaam. Tujadili bila matusi.

Huku kwetu Rufiji tangu nina akili nasikia kauli moja: mtoto akishikwa na degedege usimkimbize kwenye sindano, atakufia mikononi. Kwanza afukizwe, aogeshwe dawa, macho yakishuka ndipo mwende hospitali. Juzi mtoto wa dada kapandisha homa, usiku akakakamaa, macho juu, povu. Bibi yake akasimama mlangoni: "Mkimchoma huyu mnarudi na maiti." Tukampeleka kibishi, kachomwa, sasa hivi anagombania uji na wenzake. Bibi hajashawishika. Anasema kama amepona basi lile halikuwa degedege, ilikuwa homa tu.

Swali langu: imani hii ilitoka wapi? Wazee hawa hawaogopi sindano. Akiumwa kiuno ukampa vidonge anakuona umemdharau, anataka achomwe. Kwa nini waiogope kwenye ugonjwa huu mmoja? Lazima kuna watoto walikufa kweli. Je, waliuawa na dawa, na mchomaji, au na ugonjwa wenyewe?

#2 Dakika Tisini
Nimekaa na karanga zangu. Madaktari waje, na wale wa "nilisoma mahali" nao waje.

#3 Mama Ubwabwa
Mti Mkavu, usimcheke bibi. Mimi ni wa Kisarawe. Mdogo wetu wa mwisho alianza usiku, alfajiri tukamfikisha zahanati, akachomwa sindano ya paja. Hatujafika hata kwenye benchi la nje, mtoto kanyooka. Mama yetu mpaka leo ukitaja sindano mbele yake anabadilika sura. Kabla ya sindano alikuwa anapumua, baada ya sindano hapumui. Sasa mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake mtamwambia nini?

#4 Tabibu wa Zamu
Pole sana Mama Ubwabwa.

Nimefanya kazi zahanati za vijijini muda mrefu, niseme ninavyoliona. Degedege la kawaida la homa huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, hudumu dakika chache na huisha lenyewe. Mtoto huyo akipelekwa kwa mganga akafukizwa, anaamka, mganga anapata jina. Yule ambaye linarudia na kurudia, au limeisha lakini haamki, ana jambo lingine: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari imeisha mwilini. Huyo ndiye anayemshinda mganga, analetwa kwetu kesho yake akiwa hoi, na ndiye tunayemchoma. Mganga anabaki na wepesi, sisi tunapokea wazito. Halafu mnakuja kuhesabu maiti.

#5 Nyundo
Tabibu, kila siku "alichelewa". Mgonjwa akifa kwa mganga, mganga kaua. Akifa kwenu, alichelewa. Hakuna hata siku moja dawa iliua? Jibu hilo, usizunguke.

#6 Nesi Mstaafu
Nyundo ana hoja, na Tabibu anajua kwamba ana hoja. Mimi nimeshastaafu, nina uhuru wa kusema.

Klorokwini ya sindano, ile dawa ya malaria ya zamani, vijana hamkuikuta. Ilikuwa dawa nzuri sana ya kumeza, lakini ya sindano ilikuwa na nafasi ndogo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru. Ikiingia nyingi kwa mkupuo, au sindano ikitua kwenye mshipa wa damu bila wewe kujua, presha inaporomoka na moyo unaweza kusimama. Mtoto wa kilo 8 ukimkadiria kwa macho kuwa ana kilo 12, umeshamzidishia nusu nzima. Na wengi tulikadiria kwa macho. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, ya kliniki ya watoto, siku nyingine imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko semina.

Kwinini nayo, dawa nyingine ya malaria. Kile kichupa cha mili mbili kina miligramu 600, ni kali na ina asidi. Kama ni ya kuchoma msuli inatakiwa izimuliwe kwanza, igawanywe, nusu paja hili na nusu paja lile. Kuna waliovuta ilivyo na kuchoma takoni. Hapo ndipo majipu yalipotoka, na nyama kuoza. Kwenye mshipa haisukumwi kwa bomba hata siku moja, inapita kwenye dripu polepole, saa nne hivi, tena dripu ya sukari. Kwa nini ya sukari? Kwinini hulifanya kongosho limwage insulini, na sukari ya mtoto inashuka. Na huyu hajala tangu jana, na malaria yenyewe inamla sukari. Ikishuka anakakamaa upya. Mama aliyekaa pembeni anaona degedege limerudi baada ya dawa. Na ndivyo lilivyo, kaona sawasawa.

Ya tatu ni daizepamu, dawa ya kukatisha degedege. Ukiisukuma haraka kwenye mshipa pumzi inaweza kukata. Ndiyo maana vijijini tulipendelea kuipitisha njia ya haja kubwa, kwa bomba lililotolewa sindano. Ndugu walikuwa wanageuza uso kwa aibu, lakini hiyo sikuwahi kusikia wakiilaani kama wanavyoilaani ya paja.

#7 Msomi Mgonjwa
Nesi umetisha. Niongeze kwamba klorokwini ilifutwa Tanzania 2006 ilipokuja dawa mseto, kwa hiyo habari za Mama Ubwabwa ni za kabla ya hapo.

#8 Jongoo wa Mjini
#7 hapana. Klorokwini ilitolewa 2001 ikaingia SP, vidonge vingine vya malaria. Mseto ulikuja mwishoni mwa 2006 kuchukua nafasi ya SP. Wewe umeruka kituo kizima.

Halafu mnasahau madhara makuu ya klorokwini: MUWASHO. Mzee wangu akishameza alikuwa anatafuta gunzi la mahindi, anajikuna nalo mgongoni usiku kucha huku anaitukana serikali.

#9 Dakika Tisini
Gunzi! Kwetu ilikuwa brashi ya kufulia. Kuna watu walipona malaria wakabaki na vidonda vya kujikuna.

#10 Kilifi Yangu
Hamjambo ndugu zetu. Huku Kilifi mambo ni hayo kwa hayo, sisi twaita nyuni. Nyanya yangu alikuwa akisema ndege hupita juu ya nyumba usiku, mtoto akishtuka basi keshashikwa. Na sindano ati yamtoboa mtoto, kile kilichoko ndani chapata njia. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako hapa Kilifi tangu 1989, malaria ya watoto wameisoma nje ndani, na bado nyanya alifariki na lake moyoni.

Jambo la kushangaza, chanjo alikuwa hana neno nazo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitubeba kwenda. Chanjo mtoto apigwa akiwa mzima.

#11 Nyundo
Kilifi Yangu kagusa penyewe. Mtoto mzima akichomwa anarudi mzima, kwa hiyo sindano haina kosa. Mgonjwa wa degedege akichomwa hafiki nyumbani, kwa hiyo sindano ina kosa. Bibi anafanya utafiti kuliko nyie.

#12 Tabibu wa Zamu
Bibi hana kundi la kulinganisha, Nyundo. Hajawaona waliochomwa mapema wakapona, maana hao anawaita "homa tu". Soma #1 tena. Akipona halikuwa degedege, akifa lilikuwa degedege. Kwa hesabu hiyo bibi hashindwi milele.

#13 Dakika Tisini
Swali nje ya mada kidogo. Ni kweli watoto wanafukizwa mavi ya tembo? Tembo anahusikaje?

#14 Mama Ubwabwa
Ni kweli. Yanauzwa makavu sokoni kwa wauza dawa, yanafungwa kwenye karatasi ya daftari. Unayaweka kwenye kaa la moto, mtoto anafunikwa kanga pamoja na moshi. Yananukia kama majani yaliyoungua, siyo harufu mbaya unayoifikiria. Tembo anakula miti yote ya porini, kwa hiyo wazee wanasema umepata dawa zote kwa mpigo.

#15 Msomi Mgonjwa
Kuna utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa 1996 kuhusu matibabu ya degedege, mambo haya yamo. Na hilo la kuogopa sindano limo pia. Siyo la Rufiji peke yake, ni ukanda wa pwani wote.

#16 Jongoo wa Mjini
Safari hii umesoma hadi mwisho. Hongera.

#17 Baba Kulwa
Naomba nihamishe uzi kidogo, samahani mwenye mada. Mnazungumzia kufa, mimi nina aliyebaki hai. Binamu yangu, Tabora, alichomwa takoni akiwa na homa, ana miaka mitatu. Kesho yake mguu wa kulia hausimami. Mpaka leo mtu mzima, kiatu cha kulia kinaisha ncha ya mbele kwa sababu anaburuza vidole. Ukimwona anapanda ngazi anauinua mguu juu sana kama anaruka dimbwi. Nyumbani wanasema nesi alipiga mshipa. Hospitali moja baadaye wakasema ni polio. Mganga naye alikuwa na lake. Nani mkweli?

#18 Tabibu wa Zamu
Kuburuza vidole vya mguu ni picha ya neva kubwa inayopita katikati ya tako kushuka mguuni. Sindano ikitua karibu nayo, au dawa kali ikamwagika pembeni yake, mguu unalegea hapohapo au ndani ya saa chache. Mtoto mdogo hana nyama za kutosha pale nyuma, kila kitu kiko karibu. Ndiyo maana watoto wanachomwa paja kwa mbele, upande wa nje. Mtu mzima kama ni lazima tako, basi robo ya juu ya nje. Nenda mashariki mwa Uganda, Kumi, kuna madaktari wamewafanyia upasuaji watoto ambao misuli ya matako ilikakamaa na kugeuka makovu, hawawezi kuchuchumaa. Wengi wao walikuwa na historia ya kuchomwa sindano nyingi pale pale.

#19 Nesi Mstaafu
Tabibu usikate haraka. Polio nayo inaanza na homa. Mtoto ana homa ya polio, mama anadhani malaria, anachomwa, kesho yake mguu umelegea. Sindano haikufanya chochote, ilikuta. Na kuna la tatu: mtoto akiwa na kirusi cha polio mwilini, sindano ya msuli inaweza kukivuta ule mguu uliochomwa ndio ulegee, pengine asingechomwa angepita salama. Jambo hilo limeandikwa na wakubwa huko Ulaya tangu zamani, lilizungumzwa sana baada ya vita kuu ya pili. Kwa hiyo nesi, polio na familia, wote watatu wanaweza kuwa na haki kwa mtoto mmoja.

Baba Kulwa, mguu huo una ganzi? Polio hailetei ganzi, anasikia ukimgusa. Neva iliyojeruhiwa mara nyingi huacha sehemu isiyosikia vizuri.

#20 Baba Kulwa
Asante Nesi. Juu ya unyayo anasema hasikii vizuri. Lakini pia mguu wenyewe ni mwembamba na mfupi kidogo kuliko mwenzake, na yule daktari alisema hiyo ndiyo dalili ya polio.

#21 Tabibu wa Zamu
Mguu usiofanya kazi tangu utotoni unakuwa mwembamba na mfupi kwa sababu yoyote ile. Hiyo haikati kesi. Ganzi inaelekeza kwenye sindano.

#22 Nesi Mstaafu
Inaelekeza. Sijasema inathibitisha.

#23 Nyundo
Hahaha, wamegombana wenyewe kwa wenyewe.

#24 Tabibu wa Zamu
Turudi kwenye mada. Mnaongelea dawa ambazo kwa malaria kali hatuanzi nazo tena. Mwaka 2010 yalitoka majibu ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO wakasema watoto nao watibiwe kwa artesuneti. Haiporomoshi sukari kama kwinini, na inasukumwa kwenye mshipa kwa dakika chache tu, haihitaji dripu ya saa nne. Mtoto wa dada yake Mti Mkavu nina hakika hiyo ndiyo aliyochomwa.

#25 Mama Ubwabwa
Kwa hiyo kila watoto mia, wanane au tisa wanarudi wamefunikwa, na wote wana tundu la sindano. Na hao mliwachoma vizuri, na madaktari bingwa wamesimama pembeni. Kijijini wataona nini, Tabibu?

#26 Tabibu wa Zamu
Wataona ulichokiona wewe. Sikatai. Lakini bila sindano malaria kali inaua karibu wote.

#27 Msomi Mgonjwa
Artesuneti nayo msiitie utakatifu. Kuna wagonjwa wanapona, wanaruhusiwa, halafu wiki moja au zaidi baadaye damu inashuka, mkojo mweusi, macho ya njano. Chembe nyekundu zilizookolewa zinavunjika kwa pamoja. Inatakiwa mgonjwa aangaliwe damu hadi mwezi mmoja hivi. Kijijini hiyo wataiita nini? "Alipona, sindano ikamfuata nyumbani."

#28 Jongoo wa Mjini
Leo umevaa miwani mpya, mkuu.

#29 Kamanda Mstaarabu
Mimi mtu mzima na nyama zangu nilichomwa PPF, ile penisilini ya sindano, nesi hajatoa hata sindano nikaona ukuta unasogea, masikio yanalia, nikawa na uhakika kabisa kwamba nakufa. Nikaanza kumtajia mke wangu wanaonidai. Dakika chache baadaye hakuna kitu, nimekaa naona aibu. Wakaniandika nina mzio wa penisilini. Kweli ni mzio?

#30 Dakika Tisini
Kwanza tuambie mke alisemaje kuhusu hao wanaokudai.

#31 Nesi Mstaafu
Kamanda, ulikuwa na vipele, kuvimba midomo, kifua kubana? Kama hapana, kuna njia mbili zaidi. PPF ikiingia kidogo kwenye mshipa wa damu inaleta hicho ulichoeleza, vitu kusogea, masikio kulia na hofu ya kufa isiyo na mfano, na inapita yenyewe. Ndiyo sababu ya kuvuta bomba nyuma kidogo kuangalia damu kabla ya kusukuma dawa. Njia ya pili ni uoga, mapigo yanakuwa ya polepole, mtu anapauka, akilazwa anarudi. Mzio wa kweli mapigo yanakimbia, presha inashuka, na huo haungoji mjadala, ni adrenalini ya paja papo hapo. Mwambie daktari akupime upya, maana ukibeba jina la mzio bure utanyimwa dawa nzuri maisha yako yote.

#32 Kamanda Mstaarabu
Vipele hapana. Uoga... tuache hapo.

#33 Mtumishi
Mmeongea malaria tu kana kwamba degedege zote ni mbu. Nimeona mtoto vipimo vyote safi, homa hakuna, anaanguka kila mwezi mwandamo. Mkachoma weee, hakuna kitu. Tukaomba, akatulia. Yapo mambo ambayo sindano haifiki.

#34 Tabibu wa Zamu
Asiye na homa na anaanguka mara kwa mara huenda ana kifafa. Kina vidonge vyake vya kila siku. Ombeni, na vidonge anywe.

#35 Mtumishi
Hatujakataza vidonge.

#36 Baba Kulwa
Na ile ya kuvuta maji ya uti wa mgongo je? Kwetu wanaiogopa kuliko hiyo ya paja. Ukisaini, wanaanza kununua sanda.

#37 Nesi Mstaafu
Ni hadithi ileile. Anayevutwa maji ni yule anayeshukiwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao unaua kwa haraka na ukimwacha hai unaweza kumwachia uziwi. Akifa, au akitoka kiziwi, lawama inabebwa na sindano ya mgongoni. Ila kosa letu moja lilikuwa kumtoa mama nje na kufunga mlango. Anasikia mtoto analia, halafu halii tena.

#38 Binti Msukuma
Naombeni msaada, mimi nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, nimeacha na siku zangu hazijarudi, na...

#39 Jongoo wa Mjini
Dada, fungua uzi wako, huu umeshabeba tembo, polio na madeni ya Kamanda. Kwa kifupi, ile hukawia kutoka mwilini, wengi hungoja miezi mingi kabla ya kushika mimba. Nenda kliniki uliyochomwa wakuangalie.

#40 Mti Mkavu
Asanteni wakuu, sikutegemea ufike huku. La vitendo: likianza tena usiku, gari hakuna, tufanye nini kabla ya kufika zahanati?

#41 Nesi Mstaafu
Mlaze ubavu, mvue nguo nzito, ondoa vitu vya kumgonga. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote wakati anakakamaa, usimtumbukize kwenye maji ya baridi. Angalia saa lilipoanza. Halafu safari, usiku huohuo, kwa bodaboda kama ndiyo iliyopo. Akishaamka na anaweza kumeza, mpe anyonye au uji wa sukari njiani. Na waambie zahanati kama ana miaka chini ya 6 na wanamhamishia mbali, kuna artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa kumvusha safari.

#42 Mti Mkavu
Nimemsomea bibi #6 yote. Alisikiliza kimya, akasema: "Kumbe walikuwa wanazidisha dawa. Mimi nilijua." Sasa anazunguka kwa majirani kuwaambia nesi mkubwa wa mjini amekiri. Hiyo ya njia ya haja kubwa ameikubali, ya paja bado.

#43 Nyundo
Bibi kashinda.

#44 Tabibu wa Zamu
Hajashinda. Kasikia nusu. Na wewe ndiye uliyemwongezea kiburi.

#45 Nyundo
Tabibu, umejibu yote isipokuwa la Nesi la mizani. Hiyo artesuneti yenu nayo inapimwa kwa kilo, ndiyo au siyo? Siku hizi mnawapima watoto au bado kwa macho?

#46 Tabibu wa Zamu
Tunawapima. Tuna mizani ya kisasa kabisa, ya namba. Tunasubiri betri.